UZI: Daraja la Kale la Mostar halikuwa mpaka wa vita kama mnavyosimuliwa

#1 Kifusi

Wakuu, salaam.

Ile klipu ya vijana wanaojirusha mtoni kutoka juu ya daraja la mawe imeshapita kila grupu nililomo, na maelezo yaliyobandikwa chini yake ni yale yale: "Hili ndilo daraja lililowatenganisha Waislamu na Wakristo, likavunjwa vitani, likajengwa tena kuwapatanisha." Kuvunjwa, kweli. Kujengwa tena, kweli. Kutenganisha, hapana. Nimefungua uzi kwa ajili ya hilo moja, kwa sababu ukishalimeza hutaelewa kamwe kwa nini lilipigwa.

Nilifika huko nikiwa mwanafunzi wa uhandisi Uturuki, kwa safari ya chuo, na mengine nimeendelea kuyasoma hadi leo. Tuanze na daraja lenyewe.

Mostar iko kusini mwa Bosnia na Herzegovina, na mto Neretva unaupasua mji katikati. Zamani palikuwa na daraja la mbao lililoning'inizwa kwa minyororo, na kulivuka ilikuwa roho mkononi. Sultani Suleiman, yule wa Dola ya Uthmaniya katika kilele chake, akaagiza la mawe. Kazi akapewa Mimar Hayruddin, mwanafunzi wa Mimar Sinan, mjenzi mkuu wa Istanbul. Wakaanza 1557, wakamaliza 1566. Ni tao moja tu, hakuna hata nguzo moja ndani ya maji. Kutoka ukingo hadi ukingo tao lina takriban mita 29, njia ya juu ina upana wa mita 4, na kiangazi, maji yanapopungua, kutoka kileleni hadi mtoni ni zaidi ya mita 20. Gari halikupangiwa kupita hapo tangu mwanzo, na halipiti.

Kuna hekaya kwamba Sultani alimwahidi Hayruddin kifo kama tao lingeanguka, kwa hiyo siku ya kuondoa mbao za kulishikilia jamaa alikuwa ameshajiandalia maziko. Hekaya tu, lakini yeyote aliyewahi kusimama pembeni siku ya kuvua mbao chini ya slabu ataielewa.

Jiwe lake linaitwa tenelija, ni la chokaa, rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, linachimbwa jirani na mji na linachongeka kwa urahisi. Mawe ya tao yamefungwa kwa vibano vya chuma. Mchongaji anachimba mfereji mdogo juu ya mawe mawili yanayokutana, analaza kibano, kisha anamimina risasi iliyoyeyushwa (namaanisha madini, si ya bunduki) ijaze nafasi yote. Risasi inakishika chuma kisicheze na inakikinga na kutu. Na juu, sakafu yake si tambarare: unapanda kuelekea katikati, kisha unashuka. Wamelaza mistari ya mawe yaliyoinuka kidogo kukatiza njia ili mguu upate pa kushika. Hata hivyo mawe yamesuguliwa na nyayo mpaka yanang'aa. Niliona watalii wazima wakishuka kwa makalio.

Kila upande kuna mnara wa ulinzi: Halebija magharibi, Tara mashariki. Ukivuka upande wa mashariki unaingia kwenye kichochoro cha mafundi wa shaba, Kujundžiluk, nyundo zinagonga tangu asubuhi.

Vita vinakuja posti inayofuata.

#2 Kibao cha Mbuzi

Nimeshaweka kiti. Teremsha mkuu.

#3 bint_Makadara

Mie nilijua ni la kuchezea picha tu. Tunasubiri.

#4 Kifusi

Twende.

Mwaka 1992 adui alikuwa mmoja. Jeshi la Yugoslavia pamoja na wanamgambo wa Kiserbia waliupiga mji kwa mizinga, na Wakroatia (Wakatoliki) na Wabosniak (hawa ndio Waislamu wa huko) walipigana bega kwa bega hadi wakawatoa. Madaraja mengine ya Mostar yalilipuliwa mwaka ule. La kale lilijeruhiwa, likabaki limesimama.

Kisha tarehe 9 Mei 1993 walioshirikiana wakageukiana. Jeshi la Wakroatia wa Bosnia, HVO, likaanza mashambulizi dhidi ya jeshi la serikali ya Bosnia, ABiH. Familia za Wabosniak zilizokuwa zikiishi magharibi mwa mji zikatolewa majumbani kwa mtutu, zikasukumwa mashariki.

Sasa hapa ndipo nawaomba mfungue ramani. Msimulizi wa kwenye klipu anachora hivi: mashariki Waislamu, magharibi Wakatoliki, mto katikati, daraja juu yake. Inapendeza kwenye fulana. Lakini mstari wa mbele wa vita haukupita mtoni. Ulipita kwenye barabara kubwa iitwayo Bulevar, ambayo iko *magharibi* ya mto, mita mia kadhaa kutoka darajani. Kati ya Bulevar na Neretva kulikuwa na kipande chembamba cha mji, ukiwemo mtaa wa Donja Mahala, kilichokuwa mikononi mwa ABiH na kimejaa raia wa Kibosniak. Kwa hiyo ncha zote mbili za daraja zilikuwa za upande mmoja.

Ukilijua hilo, daraja linabadilika kabisa. Kwa watu wa kile kipande lilikuwa koo. Chakula, maji na dawa vilipita hapo, majeruhi walivushwa hapo kupelekwa mashariki. Na askari na risasi zao walipita hapo hapo pia, nalisema kabla mtu hajaniwahi.

Wenyeji walilivisha. Tafuteni picha za 1993: matairi ya magari yamening'inizwa ubavuni, juu wameezeka mbao na mabati ili mtu akivuka asionekane na vipande visimpate. Daraja la Sultani limevaa matairi. Mimi ile picha ndiyo inayonikaa kuliko hii ya vijana wanaoruka.

Tarehe 8 Novemba 1993 kifaru cha HVO kilianza kulipiga na kiliendelea kutwa. Kesho yake, saa 4 na robo asubuhi, tao likaingia mtoni. Lilikuwa limesimama miaka 427. Kuna mkanda wa video wa dakika ile. Linaanguka kwa wepesi usioutegemea.

Ndiyo maana nasema maelezo ya klipu yanapotosha. Aliyefyatua hakuwa akikata njia kati yake na jirani yake. Njia hiyo ilikuwa imeshakatwa Bulevar miezi sita nyuma.

#5 Mkongojo

Mkuu umeandika vizuri ila umeegemea. Umekiri mwenyewe askari walikuwa wakipita hapo. Basi ni shabaha ya kijeshi, iwe la mwaka 1566 au la jana. Na mahakama ya The Hague, iliyosikiliza kesi za vita hivi, ilisema hivyo hivyo kwenye rufaa. Kwa nini hilo hukuliweka kwenye posti ya kwanza?

#6 Kifusi

Mkongojo, sijalificha, nilikuwa sijafika. Ila kuna mdau humu anaijua sheria kuliko mimi. @Sakina wa Njiro, ukipita tupe neno.

#7 Sakina wa Njiro

Nimeitwa, nimeitika. Kesi ni ya Prlić na wenzake watano, viongozi wa kisiasa na kijeshi wa Wakroatia wa Bosnia, mbele ya mahakama ya uhalifu wa iliyokuwa Yugoslavia. Kwa ndugu zangu wa Arusha: ile mahakama ya Rwanda tuliyokuwa nayo hapa mjini ilikuwa ndugu yake, na zilitumia kitengo kimoja cha rufaa. Zilipofungwa, kazi zilizobaki zikarithiwa na chombo kimoja chenye ofisi Arusha na The Hague. Kwa hiyo habari ya Mostar si ya mbali sana na sisi kama inavyoonekana.

Hukumu ya kwanza ilitoka Mei 2013. Majaji walikubali kwamba daraja lilikuwa shabaha ya kijeshi wakati linapigwa, maana ABiH walilitumia. Lakini wakasema madhara kwa raia hayakuwiana na faida ya kijeshi: wakazi wa ukingo wa magharibi walibaki karibu wametengwa kabisa, na pigo la kiroho kwa Wabosniak wa Mostar lilikuwa kubwa. Wakalihesabu kuwa uharibifu usio na sababu ya kijeshi.

Rufaa ikaamuliwa tarehe 29 Novemba 2017. Majaji walio wengi wakatengua hoja hiyo: kama ni shabaha ya kijeshi na kulivunja kulileta faida dhahiri, basi kulivunja peke yake hakuwezi kuitwa uharibifu usio na sababu ya kijeshi. Jaji Pocar alipinga, na kwa maneno marefu.

Mkongojo, hapo umesema kweli. Lakini soma na kilichobaki. Washtakiwa wote sita waliendelea kuwa na hatia ya mambo mengine mengi: kufukuza watu, kambi za mateso, mauaji. Vifungo vyao havikupungua, Prlić alibaki na miaka 25. Na siku hiyo hiyo Slobodan Praljak, jenerali aliyethibitishiwa miaka 20, alikunywa sumu mbele ya majaji, kamera zikiwa wazi, akafa. Dunia ikaizungumza ile chupa, hoja ya daraja ikasahaulika.

Na angalia hili: hukumu zote mbili, ya kwanza na ya rufaa, zinasimama juu ya jambo analolisema Kifusi. Lisingekuwa njia ya upande mmoja, kusingekuwa na hoja ya shabaha ya kijeshi wala ya wakazi kutengwa.

#8 Mkongojo

Hapo kwenye aya ya mwisho nimekuelewa, da Sakina. Siwezi kubisha.

#9 Fundi Chokaa

Nyie wanasheria mmemaliza? Mimi nataka kujua la kwangu. Tao likishaingia mtoni, yale mawe waliyarudisha? Maana kuna watu wanasema "lilijengwa kwa mawe yale yale", na mimi miaka yangu ya kukarabati nyumba za mawe Mji Mkongwe sijaona jiwe laini la chokaa lipigwe mzinga, lianguke mita ishirini, lilale majini miaka, kisha libebe tao.

#10 Kifusi

Fundi, jicho lako halijakosea. Wapiga mbizi wa Hungaria waliyatoa mawe mtoni mwaka 1997, mengine makubwa bado yameshikamana. Yakakaguliwa, yakaonekana hayawezi tena kubeba. Yakawekwa kando ya mto, na kwa tao wakachonga mapya, jiwe lile lile la tenelija.

Kazi ilianza 2001, ikafunguliwa rasmi tarehe 23 Julai 2004. Fedha zilitoka Benki ya Dunia na nchi kadhaa, Italia, Uholanzi, Uturuki na Kroatia zikiwemo (ndiyo, Kroatia), na UNESCO ikasimamia upande wa utaalamu. Mkandarasi alikuwa kampuni ya Kituruki.

Sasa jambo litakalokufurahisha. Tao la Hayruddin halikuwa sawasawa. Upande mmoja umetofautiana kidogo na mwingine, mistari ya mawe ina mikunjo, jiwe hili limezidi lile. Baadhi ya wahandisi wa leo wangetamani kulinyoosha. Lakini kulikuwa na vipimo vya picha vilivyochukuliwa kabla ya vita, na uamuzi ulikuwa kurudisha hitilafu zote kama zilivyokuwa. Kwa hiyo walikata kila jiwe kwa kipimo chake, uso wake wakaumalizia kwa patasi za mkono. Vibano vya chuma vikarudi, risasi ikamiminwa vile vile. Chini yake likasimamishwa jukwaa kubwa la kulishikilia tao mpaka jiwe la mwisho la juu lilipoingia.

Tulipopita, mzee mmoja mchongaji pale Kujundžiluk alituonyesha kipande cha tenelija. Unakikwaruza kwa ukucha na unga unatoka. Nikajiuliza mifereji ya vibano ilichimbwaje bila kingo kumeguka.

#11 Fundi Chokaa

Patasi bapa, pigo dogo dogo, na jiwe likiwa bado na unyevu wa machimboni. Likishakauka linagoma. Hata matumbawe yetu ni hivyo hivyo, ukiyachonga yakiwa mabichi yanakutii.

#12 Mkongojo

Kwa hiyo tukubaliane: linalopigwa picha leo ni nakala ya 2004. Watu wanalipa nauli kwenda kuangalia kitu kilicho na umri mdogo kuliko simu ya babu yangu ya mezani.

#13 Fundi Chokaa

Mkongojo, msikiti wa mtaani kwetu umebadilishwa boriti, umebadilishwa sakafu, umepigwa lipu upya sijui mara ngapi. Mihrabu ile ile, kibla kile kile, na wanaosali ni wajukuu wa walioujenga. Nenda kawaambie ni nakala, kisha utuletee majibu.

#14 Kifusi

😂😂

Mkongojo, hoja yako UNESCO wenyewe ilibidi waipitie. Eneo la daraja liliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2005, la kwanza kwa nchi ile, na kigezo walichotumia si kile cha uhodari wa ujenzi. Walitumia kile cha maana yake kwa watu na matukio yaliyolizunguka. Yaani hata wao hawakudai kwamba mawe ni ya Hayruddin.

Binafsi silioni tatizo hapo. Tatizo ninaloliona ni kwamba hiyo "maana" imegeuzwa kuwa stempu ya upatanisho. Siku ya ufunguzi zilipigwa fataki, wakuu wa nchi wakahutubia kuhusu kuunganisha pande mbili. Pande zipi? Daraja lilikuwa limerudisha Donja Mahala kwa ndugu zao wa ng'ambo, na hilo ni jema kabisa, lakini Bulevar ilikuwa pale pale.

#15 bint_Makadara

Na sasa hivi waelewana? Ama ni amani ya kwenye televisheni?

#16 Kifusi

Hawapigani. Wanavuka, wanafanya kazi pamoja, wananunua kwa mwenzao. Lakini angalia haya.

Mostar haikufanya uchaguzi wa madiwani tangu 2008 hadi Desemba 2020. Miaka 12! Vyama vikubwa vya Wabosniak na Wakroatia vilishindwa kukubaliana juu ya kanuni za kupiga kura. Mwanamke mmoja mwanasiasa wa pale, Irma Baralija, akaishtaki nchi yake kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, akashinda Oktoba 2019. Ndipo watu wakapata karatasi za kura.

Shule: Gimnazija ya Mostar, jengo zuri la rangi ya chungwa lililo kwenye uwanja ule ule ulipopita mstari wa mbele. Ndani yake mitaala miwili, watoto wa Kikroatia na wa Kibosniak, jengo moja.

Mpira: Zrinjski ni ya Wakroatia, Velež inashabikiwa zaidi na Wabosniak. Uwanja ambao Velež walikuwa wakichezea kabla ya vita uko magharibi, leo ni nyumbani kwa Zrinjski. Velež wakahamia Vrapčići, nje kidogo ya mji. Mnaojua watani wa jadi wanavyoongea kuhusu uwanja tu, hesabuni wenyewe machungu yake.

Yote hayo hayana uhusiano na mto.

#17 Kibao cha Mbuzi

Mie nauliza la maana. Hao wanaojirusha wanalipwa?

#18 Kifusi

Haha. Wanachangiwa. Wana klabu yao pale pale mnarani upande wa magharibi. Kijana anasimama nje ya ukingo akiwa na chupi ya kuogelea, anajinyoosha kama anaruka sasa hivi, simu zote zinainuliwa, kisha anashuka. Mwenzake anapitisha kofia. Fedha zikitosha anajimwagia maji ya baridi mwilini, anapanda tena, na hapo anakwenda kweli. Siku niliyokuwepo Wajerumani walikuwa wabahili, tukasimama juani hadi mama mmoja wa Kituruki akachoka akatoa noti.

Lile la kujimwagia maji halina mchezo ndani yake. Neretva inatoka milimani, ni ya baridi hata Julai, na mwili uliopigwa na jua ukiingia ghafla moyo unaweza kugoma. Mashindano rasmi ya kila kiangazi yapo tangu 1968, lakini desturi ni ya kale zaidi. Msafiri wa Kiothmani Evliya Çelebi, aliyepita Mostar karne ya 17, tayari aliandika juu ya vijana wanaoruka. Tangu 2015 mashindano ya Red Bull nayo hufika. Kwa wanaume huongezwa jukwaa juu ya daraja, inafika mita 27. Mgeni anayetaka kujaribu hufundishwa kwanza kwenye jukwaa la chini kando ya mto. Usiamke tu ukaruka, watu wameumia pale.

#19 Msafiri wa Wien

Naishi Austria, nilishuka huko na basi msimu wa kiangazi. Niongeze moja: msiishie kwenye lile kubwa. Nyuma kidogo, upande wa magharibi, kuna kidaraja kidogo cha tao moja juu ya kijito cha Radobolja, Kriva ćuprija. Ni cha 1558, na wenyeji wanasema kilikuwa jaribio kabla ya kazi kubwa. Vita vilikiacha kimechoka, mafuriko ya mwisho wa 1999 yakakisomba, kikajengwa tena 2001. Hakina foleni, unakaa na kahawa yako.

Ila Kifusi, niliuliza watu hotelini nionyeshwe hiyo Bulevar, kila mtu akanipeleka darajani. Unafikaje?

#20 Kifusi

Kwa miguu, dakika chache tu. Simama darajani, mgongo uelekee Tara, shuka upande wa Halebija. Pita maduka ya sumaku na mashali, pita Kriva ćuprija, endelea kupanda kuelekea ule mnara mrefu kupita kiasi wa kanisa la Wafransisko. Barabara pana yenye magari utakayoikuta hapo ndiyo yenyewe. Ifuate kuelekea kaskazini. Utaona majengo mapya yaliyopakwa rangi, na katikati yake magofu yenye miti iliyomea sebuleni, kuta zimetobolewa. Ukifika uwanja wa Španski trg, Gimnazija iko hapo, na karibu yake lile ghorofa tupu lililokuwa benki, ambalo wadunguzi walilitumia wakati wa vita. Usipande ndani, ngazi hazina kingo na kuna vioo kila mahali.

Mwongoza watalii wetu hakutupeleka huko. Tulikwenda wenyewe wakati wenzetu wanakula.

#21 Msafiri wa Wien

Shukrani. Nikirudi naanzia huko.

#22 bint_Makadara

Kifusi, na lile la Višegrad lenye matao mengi, si la Sinan mwenyewe? Tuandikie basi.

#23 Kifusi

Ndilo, juu ya mto Drina, matao 11, lilimalizika 1577. Lakini habari zake za 1992 ni nzito kuliko hizi, na kwa lile sijafika. Da Sakina anazijua kesi zake. Tumwombe yeye.

#24 Sakina wa Njiro

Mwezi huu nina kazi nyingi. Nikipata nafasi nitafungua uzi wake peke yake, msiuchanganye na huu.